Halwa Iliyokuwa Mkobani

Haya, sogeeni nyote mlio barazani, na mwenye kahawa aishike vizuri, asije akaimwaga kwa kucheka.

Mimi nina sukari. Si kidogo: nzi wote wa Kipungani wanijua kwa sura. Miaka mitatu sasa mke wangu amepiga marufuku halwa nyumbani, hata jina lisitajwe. Juzi binti yetu akaposwa, na harusi bila halwa ni harusi gani? Nikamwendea muuguzi wa kliniki, kijana wa bara, mpole kama pamba.

"Mzee," akaniambia, "Alhamisi nikipima sukari nikaikuta sawa, harusini utakula kipande kimoja."

Nikawaza: sukari si huingia kwa mdomo? Basi naufunge! Nikamwambia mke wangu nalipa siku zangu za Ramadhani. Akafurahi, maskini, akaniona walii. Siku mbili jioni nafuturu tende moja, tena ndogo, na dawa nazimeza zote.

Alhamisi, kwenye benchi la kliniki, mke wangu kando kama kawaida, mikono ikaanza kutetemeka kama injini ya boti. Jasho likanitoka mpaka benchi likataka kuelea. Nikaona wauguzi wanne, na kliniki ina mmoja.

"Bwana! Bwana wee!" Mke wangu akafungua mkoba, akanisokomeza kitu mdomoni.

Halwa! Laini, ya iliki. Punde si punde wale wauguzi wakarudi kuwa mmoja.

Naye alikuwa amekwisha kunidunga kidole, ameshika kichwa. Akaniambia mwili ndio uiwekao sukari katikati: ikizidi waishusha, ikipungua waipandisha. Nikamwelewa, ni mambo ya mpika halwa na moto wake. Ukizidi yaungua, ukipungua haishiki. Mpishi wangu mimi amechoka, dawa ndizo zamsaidia kushusha.

"Sasa wewe umeshusha kwa dawa, ukashusha tena kwa njaa! Ungezima, mzee!"

Mke wangu machozi yamtiririka. "Wataka kuniacha mjane kwa ajili ya kipande cha halwa?"

Nikamshika mkono. Lakini ulimi nao wangali na utamu, nikashindwa kunyamaza. "Bi, na hiyo halwa yatoka wapi?"

"Sasa nile nyumbani, nawe wanitumbulia mato kama paka? Miaka mitatu naila papa hapa, wewe ukiwa ndani wadungwa kidole!"