Matanga ya Ami Salum kule Mabela

Nilikwenda Maskati kutazama sinema. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hapa kwetu Unguja hakuna aliyeliamini. Watu huenda Maskati kutafuta kazi, au mke, au jamaa aliyekwenda kutafuta kazi akasahau kurudi. Mimi kazi nilikwishaitafuta huko miaka ya tisini nikaipata na kuiacha. Mke sikumtafuta, kwa sababu ambazo barazani kwetu zinajulikana na kujadiliwa kila siku baada ya kahawa. Nisizunguke: napenda wanaume. Nimevuka arobaini na sina mpango wa kupona.

Aliyeniita ni Nassor, rafiki yangu wa tangu tulipokuwa sote duka la vipuri vya magari mtaa wa Ghala, Maskati, mimi kaunta, yeye dereva. Alinipigia simu sauti ikimtetemeka kama mtu anayeoza binti.

"Seif, filamu imekwisha."

"Filamu gani?"

"Yangu! Nimepiga kwa kamera yangu mwenyewe. Na Rahma ana mchezo wake wa kuigiza. Alkhamisi ijayo, kwangu Mabela. Watazamaji ni sisi kwa sisi."

"Sisi wepi?"

"Sisi sisi, Seif. Usinitie wazimu kwenye simu."

Nilimwelewa. Miaka yote ile Maskati, sinema ya watu kama sisi ilikuwa gari moja limeegeshwa Bustan karibu na bahari, madirisha yamepandishwa, mmoja wetu akitusimulia filamu aliyoiona Bombay, na penye mapenzi akiigiza pande zote mbili mwenyewe. Sasa mmoja wetu ametengeneza filamu nzima. Nisingekwenda ningejilaumu mpaka kaburini. Tena miguu yangu haijapata kukataa safari.

Jumanne asubuhi nilipanda ndege. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja amepakata shelisheli mbili kama watoto pacha.

"Unakwenda harusini, mwanangu?" akaniuliza.

"Nakwenda kutazama sinema, mama."

Akanitazama, akazitazama shelisheli zake. "Kwani Unguja televisheni zimekwisha?"

Nikajifanya nimelala mpaka tulipotua Seeb.

Nje ya kiwanja joto lilinipiga makofi mawili, shavu la kulia na la kushoto, kama linaloniuliza nilikuwa wapi. Nassor alikuwa ananingoja, kanzu imenyooka, kofia imekaa upande, tumbo limemtangulia hatua moja kuliko nilivyoliacha.

"Umezeeka," akaniambia.

"Na wewe umejaa."

Tukakumbatiana.

Nilimwomba tupitie Ghala kwanza. Nilitaka kuliona duka letu, na duka letu halikuwapo. Pamesimama jumba la vioo lenye magari mapya, safi mno, magari ambayo hayajapata kumtukana mtu. Kilichobaki ni mkahawa wa chai ya maziwa mkabala wake na gereji mbili nyuma. Tulikunywa chai ndani ya gari, ile ile, inayobandika midomo. Hapo ndipo Nassor aliponihadithia filamu yake. Ni mafundi wawili wa gereji, wanaume wazima, wanaotengeneza gari moja bovu mwaka hata mwaka. Kila likikaribia kuwaka, mmoja hulegeza kitu kwa siri. Gari likipona, hawatakuwa na sababu ya kuonana.

"Na mwisho wake?"

"Utaona Alkhamisi." Kisha uso ukamwanguka. "Ila nna jambo moja. Shangazi."

Shangazi ni Bi Zuwena, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Anakaa Bustan. Ni mwanamke mfupi ambaye watu warefu humsikiliza wakiwa wameinama. Nassor haogopi serikali, hivyo alisema, ingawa nilimwona akitazama kioo cha gari aliposema. Aliyekuwa akimwogopa ni shangazi. "Akijua, Seif, sitakuwa na pa kwenda Idi. Ndiye mtu wangu aliyebaki."

Jumatano tulipanga nyumba. Mabela wakati huo kulikuwa kunajengwa kila upande: nyumba mpya, mchanga, nyumba mpya. Majirani wengi hawajafahamiana bado, na kila mmoja ana hamu ya kumfahamu mwenzake, na huo ndio ubaya wa mtaa mpya. Nassor akatoa masharti yake. Magari yaegeshwe mbali. Muziki marufuku. Wanaume waje na kanzu nyeupe, wanawake na abaya nyeusi, wapitie mlango wa ubavuni. Nje mtu asicheke, na ndani asicheke kwa sauti. Akakodi viti vya plastiki na machupa makubwa ya kahawa, vikaletwa na lori mchana kweupe.

Rahma, ambaye ni muuguzi na ana sauti ya kuamsha wodi nzima, alikuja kufanya mazoezi akayasikia masharti yale.

"Nassor, tunakuja kutazama mchezo au tunakuja kufungwa?"

"Nnataka tuonekane watu wa heshima."

"Mimi nikionekana mtu wa heshima, mama yangu ataitambua hatari mara moja."

Alkhamisi baada ya alasiri wakaja. Wakaja vizuri, kimya, weupe huku na weusi kule, viatu wakavipanga mlangoni. Alikuwapo mwalimu wa hesabu, karani wa benki, vijana wawili wa Sohar walioketi mbalimbali kwa mazoea, na wanawake wawili wanaokaa fleti moja Ruwi ambao mtaa mzima huwaita dada ingawa hawafanani hata kope. Wengi walikuwa hawajapata kukaa chumba kimoja na wenzao zaidi ya watatu. Hawakujua waweke wapi mikono.

Taa ikazimwa, bwana mmoja mwembamba anayemsaidia Nassor akawasha mashine ya picha, shuka ikamulikwa ukutani, gari bovu likatokea. Fundi wa kwanza alipolegeza skrubu ya kwanza na kumtazama mwenziwe, chumba kizima kilicheka ndani ya mito ya majlisi, yaani sebule ya wageni, maana kucheka kwa sauti kumepigwa marufuku. Nimewahi kuingia majumba makubwa ya sinema ya miji kadhaa. Kote huko sikuona watu wakicheka huku machozi yanawatoka na midomo imejaa pamba.

Kengele ya mlango ikalia.

Nassor akaizima mashine. Mtu akawasha taa, mwingine akaikunja shuka, wanawake wakahamia chumba cha pili. Mlangoni alisimama Mzee Khalfan, jirani wa pili, askari mstaafu, na nyuma yake wanawe wamebeba sinia la wali na tende. Uso ameukunja kwa huzuni.

"Makiwa, mwanangu," akasema, akamkumbatia Nassor. "Mbona hukutwambia? Mpaka tuone wenyewe!"

Ndipo nilipotazama nje, nikaona alichokiona yeye tangu jana. Lori limeleta viti na machupa ya kahawa. Watu wamevaa nyeupe, wanawake nyeusi. Rundo la viatu mlangoni, na ndani hapasikiki hata kikohozi. Kwa watu wetu, harusi ina kelele, maulidi yana kelele, hata ugomvi una kelele. Umati ukinyamaza, kuna maiti. Tulijificha kwa akili zetu zote, tukajificha ndani ya msiba.

"Nani aliyefariki?" akauliza Mzee Khalfan.

Hapo Nassor angeweza kusema chochote. Angesema ni kikao cha kazini, au maulidi yenye adabu. Lakini mtu akipewa pole mdomo hutafuta marehemu.

"Ami Salum," akasema. "Ami yangu. Wa Tabora."

"Inna lillahi!" akasema Mzee Khalfan, akaingia, akakaa chini ya ukuta wa sinema, akasoma Fatiha. Sote tukainua mikono. Majirani wengine wakafuata, na kila aliyeingia alimkuta Nassor analia kweli kwa hofu, akazidi kumhurumia. Upande wa wanawake Rahma hakuridhika na kilio cha kawaida, akakipandisha jukwaani. "Salum weeee! Umetuachia nani!" Wake wa majirani nao wakaanza, mpaka Mzee Khalfan akagonga ukuta: "Enyi mama, kulia kwa sauti hakufai! Mpeni maji huyo!"

Mwalimu wa hesabu alininong'oneza, "Huyu Salum alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole," nikamwambia. "Hakupata kumwudhi mtu."

Kisa kingeishia hapo, lau mke wa Mzee Khalfan asingekuwa na simu, tena simu yenye namba ya Bi Zuwena. Kabla ya magharibi gari lilisimama, na shangazi akashuka na chungu mikononi. Nassor alinishika mkono kucha zikaniingia. Sikumlaumu. Hebu fikiri: amemzulia baba yake ndugu, na huyu aliyeshuka garini ndiye dada wa baba yake. Kama kuna mtu mmoja chini ya mbingu anayejua kuwa baba yake Nassor hakuwa na ndugu mwanamume Tabora wala popote, ni huyu.

Alisimama katikati ya majlisi. Akatutazama mmoja mmoja, wanaume waliokaa mabega yakigusana, vijana wa Sohar waliosahau kukaa mbalimbali, shuka iliyokunjwa vibaya, mashine iliyofunikwa kilemba. Kisha akamgeukia mpwawe.

"Nnasikia tumefiwa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na Salum."

"Ndiyo, shangazi."

"Salum kaka yangu."

Mzee Khalfan akainuka kwa heshima. "Makiwa, Bi Zuwena. Mlikuwa mkipendana?"

Nilimwona Nassor akiyatazama mazulia yake kama mtu anayeyaaga.

Bi Zuwena akashusha pumzi ndefu.

"Alikuwa mkaidi," akasema. "Tangu mdogo. Ukimwambia njoo, haji." Akampa kijana mmoja chungu, akaenda upande wa wanawake, akakaa akapokea pole. Nikamsikia mmoja akimwuliza marehemu ameacha watoto wangapi, naye akajibu, "Mungu hakumjaalia."

Majirani walipokwenda kusali magharibi, alimwita Nassor jikoni. Na mimi nikaenda, kwa kuwa sina haya.

"Fatiha zote zile," alisema, "zimekwenda kwa nani?"

Nassor akaukaza mfereji uliokwisha kufungwa.

"Hazipotei. Wapo maiti wasio na wa kuwasomea, watagawana. Lakini uwongo wako hauna akili, Nassor. Ungemwua mtu wa upande wa mama yako, mimi nisingejua kitu."

"Niliogopa, shangazi."

"Ulimwogopa nani?"

Nassor alikuwa anamtazama yeye.

Bi Zuwena akafunika chungu. "Msiba ni siku tatu," akasema. "Hamuwezi kuufunga leo, watu watashangaa. Kesho nnaleta mchuzi wa papa."

Tukawa na siku tatu. Nassor alikuwa ametayarisha onyesho moja la kujificha, na sasa shangazi amemruhusu kujaza nyumba mpaka Jumamosi. Habari zikasambaa kwa njia zetu. Waliokuwa waoga Alkhamisi wakaja Ijumaa, wengine kutoka Sur, kwa kuwa msibani mtu haulizwi umekuja kwa nani. Alasiri tulikuwa wafiwa, tukipokea pole na tende. Majirani wakienda kusali, shuka inapanda. Rahma aliigiza mchezo wake, bibi harusi anayewakagua wakwe badala ya kukaguliwa, na pale alipompima mama mkwe kwa futi ya fundi cherehani, mtu mmoja alicheka kwa sauti, cheko halisi, lisilopita kwenye mto. Tukanyamaza tukisubiri kengele. Haikulia. Baadaye Mzee Khalfan alimwambia Nassor kwamba cheko lile ni dalili njema, wafiwa wameanza kupoa.

Jumamosi, siku ya mwisho, filamu ilipoanza Bi Zuwena alikuwa bado hajaondoka. Nassor akaiendea mashine aizime.

"Wacha," akasema shangazi kutoka mlango wa wanawake. "Nimempikia huyu Salum siku tatu. Nnataka nijue nilikuwa nnalilia nini."

Akatazama amesimama, mkono kiunoni. Mafundi wakafungua boneti. Wakalegeza, wakakaza, wakalegeza. Mwisho wake, niliokuwa nimeufuata kutoka Unguja, ni huu: gari linawaka lenyewe asubuhi moja, kwa bahati mbaya, na mafundi wanasimama kulisikiliza bila kutazamana. Kisha wote wawili, kwa pamoja, wananyoosha mikono kwenye waya ule ule.

Taa ikawashwa. Nassor hakugeuka.

"Mafundi hawa," akasema Bi Zuwena, "hawajui kazi."

"Wanajua, shangazi," akasema Nassor, kwa sauti ndogo.

"Nimeona kama wanajua. Ndiyo maana gari haliponi." Akavaa ushungi wake vizuri. "Nani atanirejesha Bustan? Na hicho chungu changu mnioshee."

Tulimrejesha mimi na Nassor. Njiani hakusema kitu kuhusu sinema. Alisema kuhusu bei ya papa na uvivu wa madereva. Tulipofika alimshika Nassor shavu, akalifinya kwa nguvu, kama afanyavyo mtu anayejaribu embe.

"Idi uje mapema," akamwambia. "Uje na huyo anayekusaidia mashine. Nimemwona. Mwembamba, hali chakula."

Nilirudi Unguja Jumatatu. Barazani wakaniuliza ilikuwaje sinema, nikawaambia nilikwenda sinema nikakuta msiba, nao wakanipa pole. Nikaipokea. Nimejifunza huko kwamba pole haina haja ya kurudishwa, na kwamba sisi tumezoea kunyong'onyea kiasi kwamba hata jirani mwema akituona hafikirii furaha.

Mwaka ukapita. Juzi simu ililia, Nassor tena, safari hii sauti yake imetulia.

"Seif, jitayarishe. Ami wa Bujumbura ni mahututi."

"Ami yupi tena?"

Nyuma yake nikamsikia mwanamke akisema kwa ukali.

"Shangazi huyo," akasema Nassor. "Anasema mara hii amemchagua yeye mwenyewe. Na asife mpaka joto lipungue, kwa sababu anataka kuchinja mbuzi."