Ugonjwa Wangu Nilimsingizia Mama Mkwe

Mimi ndiye mwenye makosa. Naanza na hilo ili msome mkijua, msije mkanionea huruma katikati ya njia. Huruma yenu siitaki, mpelekeni mama mmoja aliyekuwa akiuza odii kule Luzira.

Mimi ni Mkenya, nina duka la viatu Nakivubo, Kampala. Mke wangu ni mtu wa kaskazini mwa Uganda, binti wa askari, amekulia kambini. Nitamwita Akello, ingawa si jina lake. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha: mimi nilikuja nacho kutoka kwetu, yeye alikiokota kambini. Tuna binti mdogo, Nekesa, na tulikuwa tunakaa Lubaga.

Kanisani nilikuwa mtu. Niliongoza kwaya na nilikuwa mkali. Kuna mwenzetu mmoja wa sauti ya chini nilimtoa mbele ya wote kwa sababu alinuka pombe, waragi. Nilimwambia asimame, halafu nikamwambia atoke. Niseme kweli, siku ile nilijisikia vizuri sana.

Basi, tumbo likaanza. Maumivu yanaanzia hapa juu, chini ya kifua, yanapenya mpaka mgongoni, unajikunja kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Nikakonda. Choo kikawa cha mafuta mafuta, kinaelea, kinanuka vibaya. Nikaenda hospitali peke yangu. Wakanipima, daktari akasema kongosho langu limeharibika, ni ugonjwa wa kukaa nao maisha yote. Yeye aliliita pankriasi. Halafu akaniuliza, "Pombe unakunywa kiasi gani?"

Sinywi. Sijawahi kunywa. Nilimwambia hivyo, naye akaniangalia ule mwangalio wa watu waliozoea kudanganywa. Baadaye alinieleza kwamba wako wanaougua bila kugusa pombe, na wakati mwingine sababu haionekani. Sikuyasikia hayo. Nilikuwa tayari nimeona kwaya nzima ikiniuliza swali lile lile, na yule jamaa wa sauti ya chini amesimama mbele anacheka.

Daktari akanipa masharti. Mafuta niache: maziwa yenye mafuta, karanga, vya kukaanga. Nile kidogo kidogo, mara nyingi. Kila mlo nimeze vidonge vinavyosaidia kusaga chakula. "Na umwambie anayekupikia," alisema. "Yeye ndiye daktari wako wa kila siku."

Nikafika nyumbani, nikamwambia anayenipikia kwamba nina vidonda vya tumbo.

Vidonda vya tumbo havina aibu. Nusu ya Kampala inasema inavyo. Ukivitaja watu wanakuambia upunguze mawazo, wanakuombea, maisha yanaendelea. Vidonge nilivificha dukani, nikawa nameza vya mchana tu. Chakula cha nyumbani nilikila bila kinga yoyote.

Sasa niambieni, mwenye vidonda hulishwa nini huku kwetu? Maziwa. Vitu laini visivyo na pilipili wala ndimu. Akello aliuliza majirani, akamuuliza mama yake, akanitengea chakula changu peke yangu: maziwa asubuhi, parachichi mchana, jioni mchuzi wa odii. Odii ni ufuta na karanga zilizosagwa pamoja mpaka zikawa siagi nzito. Mama yake aliisaga mwenyewe na kuiuza kwa kikombe kwenye meza yake, kando ya njia ya kwenda Port Bell, huko huko Luzira. Alikuwa askari jela katika gereza la Luzira, akastaafu, na odii ndiyo iliyokuwa inamweka mjini. Aliposikia mkwe anaumwa akaanza kuniletea yangu, ile nzuri ambayo mafuta yamepanda juu.

"Hii inapaka tumbo ndani," aliniambia. "Kula, mwanangu. Kidonda itafunga yenyewe."

Nilikula. Ilikuwa tamu, na mimi ni mlafi. Nilijiambia kijiko kimoja hakiui, kisha nikaongeza kingine, na maumivu yakawa yananikamata karibu kila wiki.

Binamu yangu Barasa, mwenye duka karibu na langu, ndiye aliyeanza. "Lakini wewe, kila huyo mama akija unalala chini. Hujaona?"

Nilikuwa nimeona. Na sababu nilikuwa naijua. Ningeweza kumaliza maneno pale pale mlangoni mwa duka. Nilinyamaza, kwa sababu Barasa alikuwa amenipa njia. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeumwa na hawezi kusema anaumwa nini. Nilitaka mtu wa kumtupia, nikamtupia mama wa watu.

Jumapili moja alikuja kwetu baada ya ibada, amebeba sufuria ya malakwang, mboga chachu ya kwao iliyopikwa kwa odii. Barasa alikuwepo. Nilikula sahani nzima. Vyombo havijaondolewa mezani, nikaanza kujikunja kwenye kochi. Akello akanijia na maji. Nikaipiga bilauri ikaruka.

"Muulize mama yako ameweka nini humu," nilisema.

"Unasema nini, Baba Nekesa?"

"Nasema ananiua. Ananiua kidogo kidogo. Kama mmenichoka semeni."

Mama mkwe hakupaza sauti. Aliivuta sufuria, akakaa chini sakafuni, akala kwa mkono mpaka akakwangua. Wakati wote ananitazama. Alipomaliza akafuta vidole kwa leso yake.

"Mimi nimechunga wauaji kule Luzira," alisema. "Nimegawa wao chakula miaka mingi. Ata wao ilikuwa inasema asante."

Akachukua sufuria yake akatoka. Akello akamfuata mpaka nje, nikamwita arudi, na akarudi. Nikapiga marufuku: yule mama asikanyage kwangu, chakula chake kisiingie, na Akello asiende Luzira. Nilisema nikiwa nimelala ubavu, mate yananitoka, lakini nilisema kama mfalme.

Barasa hana kufuli mdomoni. Nakivubo ikapata habari, na wachuuzi wa Nakivubo wanafika Port Bell kila siku. Wanawake waliokuwa wananunua odii kwa mama yule wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Nani atakula cha mtu ambaye mkwe wake mwenyewe anasema ni sumu? Akello aliniambia huku analia kwamba mama anashinda mezani na odii inachacha. Nilimjibu kwamba Mungu ndiye anayejua. Jamani, mimi niliyasema maneno hayo, na Nekesa amekaa mapajani mwangu.

Odii ikaisha nyumbani, ila maziwa hayakuisha. Mayai ya kukaanga hayakuisha. Nikaanguka tena, safari hii vibaya, natapika na sijui nilipo. Akello akanipeleka hospitali, na aliyekuwa zamu ni daktari yule yule.

"Wewe si ni wa pankriasi?" aliuliza, ananibonyeza tumbo. "Nilikuambia mafuta uache kabisa. Unakula nini nyumbani?"

"Maziwa," Akello akajibu kwa niaba yangu. "Nilikuwa namchanganyia na odii pia. Ya vidonda."

"Vidonda vya nani? Huyu hana vidonda."

Daktari akamweleza yote, taratibu, kama alivyonieleza mimi zamani. Akello alisikiliza bila kumkatiza. Daktari alipoondoka akavuta kiti, akakaa karibu na uso wangu.

"Siku ile ya malakwang. Ulikuwa unajua ni nini inakuumiza?"

Nilitazama dripu.

"Nakuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliniuguza mpaka nikasimama, na nyumbani akanipikia kama daktari alivyosema: samaki wa kuchemsha, posho laini, yaani ugali, boga, hakuna hata tone la mafuta, na vidonge kando ya sahani. Kumbe angeweza tangu siku ya kwanza, angeambiwa tu. Nilipopata nguvu za kurudi dukani, akafunga nguo zake na za Nekesa.

"Mama anataka kitu moja," aliniambia mlangoni. "Uje pale kwa meza yake, useme mbele ya wale wanawake ugonjwa yako inaitwa nini. Ukisema nitarudi, tutaongea. Ukikataa usinitafute."

Mnaona ilivyokuwa rahisi? Hakudai nipige magoti, wala hakudai mbuzi wala wazee. Alidai neno moja.

Nilikwenda. Nilivaa shati zuri. Mama mkwe alikuwa nyuma ya meza yake, mabakuli ya odii yamejaa na kufunikwa, Akello amesimama pembeni. Wauza samaki na wauza mboga wakasogea, maana walishaambiwa nakuja.

"Ndiyo huyu mkwe?" mmoja akauliza.

"Ndiyo huyu," mama akasema. "Ana maneno. Musikie."

Nikaanza vizuri. Nilisema mama huyu hajaniwekea kitu. Nilisema mimi nina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unaitwa pankriasi.

"Pankriasi?" akadakia muuza samaki. "Hiyo si ile ya watu ya kunywa? Mjomba yangu ilimuua. Waragi asubuhi, waragi jioni."

"Kumbe mkwe ni mlevi!" mwingine akasema, wakacheka wote.

"Nyamaza nyinyi," mama mkwe akawaambia. "Mwache amalize."

Alinipa nafasi, mama yule. Nilichotakiwa kusema ni kwamba sinywi, lakini ugonjwa ni huo huo, na mafuta ndiyo yananiangusha. Badala yake nilisikia kile kicheko na damu ikanipanda. Mimi, mwongoza kwaya, naitwa mlevi mbele ya wauza samaki!

"Hapana," nilisema. "Madaktari walikosea. Ni vidonda tu. Nimekuja kuwaonyesha kwamba chakula hiki ni safi."

Nikafunua bakuli, nikachukua kijiko.

"Baba Nekesa, usikule," Akello akasema. "Sema tu."

Nikala. Nikala kijiko kikubwa, nikaongeza, nikaongeza tena, wale wanawake wakapiga makofi. Nikajiona shujaa. Mmoja akaomba apimiwe kikombe. Nikavuta kipande cha mkate nikachovya, nikakaa kwenye benchi kuongea nao ili wanione vizuri nikiwa mzima. Nilikwepa macho ya Akello.

Haikupita muda mrefu. Maumivu yalianza chini ya kifua kama kawaida, nikajikaza, nikaendelea kutabasamu. Kisha yakafika mgongoni nikaanguka kutoka kwenye benchi, mbele ya meza, nikatapika kwenye vumbi. Yule aliyeomba kikombe akakirudisha mezani polepole, akafuta mkono wake kwenye gauni.

Kwa hiyo kama walikuwa na shaka, nikaimaliza mimi mwenyewe. Wameona kwa macho yao mkwe amekula, mkwe ameanguka.

Aliyenipeleka hospitali ni mama mkwe. Aliita boda, akakaa nyuma yangu, akanishika kiuno nisidondoke. Akello hakuja. Nesi akauliza nimekula nini.

"Amekula odii yangu," mama akasema, sauti ya wazi, wodi nzima ikasikia. "Ana pankriasi. Mafuta hairuhusiwi kwa yeye."

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni ule wanasema amempa sumu."

Akanivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akaondoka. Sijamwona tena. Pale penye meza yake sasa pana mtu wa mkaa. Nimesikia amerudi kwao kaskazini, na Akello na Nekesa wamehamia mtaa ambao Barasa hataki kuniambia. Hata Barasa ananionea aibu siku hizi, fikirieni.

Sasa najipikia. Kuku wa kuchemsha bila ngozi, matoke makavu, papai. Mlo mdogo, baada ya muda mlo mwingine mdogo, vidonge viko mezani kwa sababu hakuna wa kumficha. Nikifuata, siku nyingi napita salama. Nikikosea, nalala sakafuni nimekunja magoti mpaka maumivu yapite, na hakuna wa kuniletea maji. Daktari anasema hata sukari imeanza kupanda. Kwaya niliacha. Niliwaambia ni kwa sababu ya vidonda.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Hata hao niliwadanganya tena.

Wewe unayeumwa na kitu unachoona aibu kukitaja, mwambie anayekupikia. Leo, kabla ya chakula cha jioni. Usimwachie abahatishe na maisha yako, halafu umgeukie. Na wewe ambaye ukisikia mtu anaumwa kongosho unakimbilia pombe, funga mdomo. Una sehemu yako katika haya, ila haipunguzi yangu hata kidogo.

Akello akiyaona haya atajua ni mimi kabla hajafika katikati. Atasoma mpaka mwisho, kwa sababu yeye ni mtu wa kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Halafu atatafuta hapa chini jina la mwandishi, aone kama safari hii nimeweza. Sijaweza.