Ondoa Neno Moja

Odeta, muuguzi wa wodi ya watoto, hakwenda kwenye mafunzo ya maktaba kwa ajili ya soda na cheti kama wenzake. Mwanawe Luhende alikuwa ametolewa wodini bila tiba na kurudishwa nyumbani Igoma, amevimba uso na miguu, figo zote mbili zimegoma. Soko huria lilikuwa limejaza maduka ya Mkuyuni dawa za kila rangi, ila ya Luhende haikuwamo.

Maktaba ya hospitali ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza, yenye mihtasari ya majarida ya udaktari ya dunia nzima. Mkutubi Obedi akaagiza kila mtu atafute ugonjwa wowote anaoupenda. Anaoupenda! Odeta akaandika neno la Kiingereza la figo. Majibu yakamiminika hata asijue aanzie wapi.

“Yapunguze, sista,” Obedi akamwelekeza. “Kila neno unaloongeza linachuja.”

Akaongeza mtoto, yakapungua. Akaongeza kupona, yakapungua zaidi. Mfa maji haachi kutapatapa, akaongeza Tanzania. Kioo kikabaki kitupu.

Wanafunzi wa udaktari nyuma yake wakacheka, maana hilo ndilo kosa la kila anayeanza.

“Umebana mno,” Obedi alisema kwa upole. “Ondoa neno moja tu.”

Odeta akayatazama maneno yake. Vidole havikusogea. Basi mkutubi akainama, akaifuta Tanzania mwenyewe, na majibu yakarudi: ya London, ya Toronto, ukurasa baada ya ukurasa.

“Unaona, sista? Si yapo?”

“Yapo, mwalimu,” alisema Odeta.