Mapambo ya Bibie

Chumba cha Mama Shada na changu vilitenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao, ukuta ambao hata kikohozi kilipita bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa nashona nguo upande wangu. Yeye upande wake alikuwa akitengeneza mapambo ya sherehe: maua ya karatasi, tepe za kuning'iniza, matao ya waya ya kupitia maharusi, namba na majina ya kubandika ukutani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, na jina la Shada alipewa na mtaa zamani hata mwenyewe akawa analiitikia.

Maputo alikuwa hayataki hata kuyaona. "Puto ni pumzi za watu zimefungwa kamba," alikuwa akisema. "Kesho yake zimesinyaa kama wenyewe walivyochoka."

Mteja akija kuagiza, hakuanza na rangi. Aliuliza habari za mwenye sherehe. Mrefu? Anacheka kwa sauti? Kitu gani humuudhi? Nilikuwa nikimtania kwamba anatafuta mchumba.

"Wewe unakata nguo bila kumpima mtu?" alinijibu. "Basi na mimi napima."

Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na wanawe wa kiume walikuwa wakubwa, kila mmoja kwake. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, msichana aliyemzaa akiwa ameshajiona mzee. Sisi tulifupisha tukamwita Kitinda. Akitoka shule alikuwa akikaa chini ya meza ya mama yake, akichora kwenye vipande vya karatasi vilivyoanguka.

Mke wa fundi miwani alikuja kwa mara ya kwanza asubuhi moja ya kiangazi. Duka la mumewe lilikuwa kwenye kona tunakopita kwenda sokoni, lile lenye ubao wa herufi kubwa zinazopungua, zinapungua, mpaka unazikisia tu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, msafi, mwenye sauti ya chini. Alitaka mapambo ya siku ya kuzaliwa ya binti yake, anayetimiza miaka saba.

"Jina lake nani?"

"Sisi tunamwita Bibie."

"Haya, nieleze huyo Bibie."

Nilisikia yote, maana cherehani yangu ilikuwa imekatika uzi. Bibie hataki njano. Bibie anakula kucha. Meno ya mbele yameng'oka, kwa hiyo akicheka anaziba mdomo na kiganja.

Mama Shada akaangua kicheko. "Wa kwangu naye kibogoyo! Na wamezaliwa wiki moja! Mlete siku moja wacheze."

"Nitamleta," alisema yule mama.

Mama Shada alitengeneza namba saba ya maua meupe na ya waridi, na vipepeo vya kuning'inia juu ya meza. Alivipeleka mwenyewe nyumbani kwao, nyuma ya duka. Alikuta chumba kimefagiwa, meza imetandikwa, kiti kimoja kimewekewa mto ili mtoto afikie sahani. Mtoto hakuwepo. Alikuwa kwa bibi yake, aliambiwa, atarudi jioni.

Mwaka uliofuata Bibie alikuwa anaoga. Mama Shada alisikia maji yakimiminika bafuni, akapiga kelele, "Mwanangu, hongera, umekua!" Maji yakaendelea kumiminika. Mwaka mwingine alikuwa ametoka kidogo tu kwenda kwa jirani. "Mimi na huyo mtoto tunapishana mlangoni," Mama Shada aliniambia, akitikisa kichwa. "Siku nitakayomkamata nitamfinya mashavu."

Lakini alikuwa anamjua. Kila mwaka mama yake alikuja na habari mpya: sasa anasuka nywele mwenyewe, sasa kaanza kujibu jeuri, sasa hataki kushikwa mkono njiani. Na Mama Shada, akikwama, alimuuliza Kitinda chini ya meza: "Eti wasichana wa rika lako siku hizi wanapenda nini?" Kitinda alijibu kwa furaha. Nani hapendi kuulizwa?

Mwaka wa miaka kumi, yule mama aliagiza vipepeo kama kawaida. Mama Shada alivikata, akavitundika kwenye kamba, akavitazama. Havikumpendeza. Alivishusha vyote, akakata mbayuwayu, ndege wale wenye mkia wa panda, kundi zima, weusi kwa weupe. Aliniambia baadaye kwamba hakujua kwa nini. Mkono tu ulikataa.

Alipowafikisha, mke wa fundi miwani aliziba mdomo.

"Nani kakwambia? Asubuhi ya leo kaniambia vipepeo ni vya watoto. Anataka ndege."

Mama Shada akaangalia huku na huku kumtafuta huyo mtoto mwenye mawazo yanayosafiri. Hapo ndipo alipoviona viatu mlangoni. Vilikuwa vimepanguswa, vimepangwa sawasawa, kamba zimefungwa. Alikuwa akivipita miaka yote bila kuviangalia. Vilikuwa viatu vya mtoto wa miaka minne.

Kesho yake alikwenda dukani akisingizia macho. Fundi miwani alimkalisha mbele ya ule ubao, akamfunika jicho moja, akamwambia asome.

"Fundi," Mama Shada alisema, jicho limefunikwa, "Bibie yuko wapi?"

Mkono wa yule bwana ulibaki usoni kwa mteja.

"Homa, dada yangu," alisema. "Ilimkamata Jumamosi. Jumatatu tulikuwa hatunaye. Ni kabla hujaanza kuja kwetu."

"Na wewe unakubali?"

"Mwaka mzima mke wangu ni mzima, anapika, anauza, anajibu salamu. Siku ile moja anacheka. Nakuomba usimkatalie. Siku utakayokataa atatoka nje kumtafuta."

Mama Shada alirudi, akaja kukaa kwenye benchi langu la wateja, akanisimulia. Nilimwambia aache. Nilimwambia kulisha kivuli ni kukikaribisha.

"Hujawahi kumshonea marehemu nguo?" aliniuliza.

"Nimewahi."

"Ulikataa kwa kuwa hataiona kwenye kioo?"

Akaendelea na kazi. Ila kuanzia hapo mambo hayakuwa yale. Nilikuwa nikimsikia akisimamisha mkasi katikati ya karatasi na kusema polepole, "Hapana, hii haitaki." Halafu anaanza upya. Wakati mwingine alikuwa akicheka peke yake. Mchana mmoja nilichungulia kumuazima sindano, nikamkuta amekaa kidogo pembeni ya kiti chake, kama mtu aliyempisha mwenzake. Nikarudi bila sindano.

Kazi za wengine zilibaki nzuri, sherehe za watu zilikwenda. Ya Bibie ilikuwa kitu kingine. Alianza kuitayarisha miezi kabla. Bibie alipotimiza miaka kumi na sita alimtengenezea anga nzima: matawi ya waya yenye maua madogo ya zambarau, na mbayuwayu wakiruka katikati, kila mmoja mbawa zake zimekunjwa kwa namna yake. Kamba zilijaa chumba, ukuta kwa ukuta. Wapita njia walisimama dirishani wakakodoa macho.

Kitinda alirudi kutoka shule siku hiyo akakuta hivyo. Alikuwa msichana mrefu sasa, mpole, asiyependa ugomvi. Nilisikia mkoba wake ukitua chini.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya Bibie."

"Bibie amekufa, mama. Mtaa mzima unajua."

"Najua kama amekufa."

"Zambarau nilikutajia mimi, mwezi uliopita. Hawa ndege nilikuwa nawachora mimi, hapo chini ya meza, tangu mdogo. Ulikuwa unaniuliza napenda nini, nikadhani... Siku yangu ya kuzaliwa ni wiki hii hii. Umewahi kunitundikia hata ua moja?"

Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, nikaogopa kuukanyaga.

"Mganga hajigangi, mwanangu," Mama Shada alisema. "Kazi za watu..."

"Nikifa ndio utanipambia?"

"Ushindwe! Usiniletee maneno hayo ndani humu!"

Kitinda alikusanya nguo zake taratibu, akaaga kwa adabu, hata mimi alinipitia kunipa shikamoo, akaenda kukaa kwa shangazi yake upande wa pili wa mji.

Asubuhi yake Mama Shada alikwenda kwa mke wa fundi miwani mikono mitupu. Anga ya zambarau aliiacha ikining'inia. Alikusudia kumwambia mambo yamekwisha, na alikuwa amejitayarisha kwa kilio. Yote haya alinisimulia mwenyewe aliporudi.

"Bibi yangu," alimwambia, "nilikuwa nakudanganya. Hao ndege, hizo rangi, zote ni za binti yangu. Wako simjui."

"Najua," alisema yule mama.

"Unajua nini?"

"Wangu alikufa hata kusema 'kipepeo' hajaweza. Alikuwa anasema 'pepo'." Alimmiminia chai, akasogeza kikombe karibu. "Tulizaa wodi moja, mimi na wewe. Kitanda changu dirishani, chako mlangoni. Wewe hukunikumbuka, ulikuwa umezungukwa na ndugu. Mimi nilikukumbuka. Wangu alipoondoka nilikaa ndani muda mrefu. Siku moja nikamwona mwanao anapita hapa dukani amevaa sare ya shule, anacheka, meno ya mbele hana. Nikasema, kumbe na wangu sasa angekuwa kibogoyo. Siku ile ile nikaja kwako."

Mama Shada hakuigusa chai.

"Kila anapopita naangalia," yule mama aliendelea, kwa sauti ile ile ya chini, kama anayesema habari za hali ya hewa. "Nimejua urefu wa wangu kwa mwanao. Nimejua lini alianza kusuka nywele, lini aliacha kushikwa mkono. Jana alipita analia. Nikalala na wasiwasi: Bibie ana nini? Nani kamuudhi?"

"Nilimuudhi mimi," alisema Mama Shada.

Yule mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile macho yake yalijaa machozi.

"Basi karudishe moyo wake," alisema. "Sisi tutakaa bila mapambo."

Mama Shada alipita sokoni bila kununua kitu. Alipofika chumbani alishusha anga yote, ua kwa ua, akaikunja. Nilitegemea ataipeleka kwa Kitinda, maana ilikuwa haki yake. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama niliyetukana. "Nimpelekee mwanangu vitu vya maiti?" Akavichoma uani.

Alikwenda kwa wifi yake siku tatu mfululizo kabla Kitinda hajakubali kukaa naye chumba kimoja. Akamwambia, "Nieleze unapenda nini. Wewe. Nitakutengenezea." Kitinda alifikiri, kisha akasema hataki chochote kinachoning'inia. Anataka mama yake aende naye kwa mpiga picha, wapige picha wawili. Wakaenda. Picha hiyo nimeiona: Kitinda ametulia, anatabasamu, Mama Shada anaangalia pembeni kidogo ya kamera. Mpiga picha alimrudia mara kadhaa, akachoka, akaipiga hivyo hivyo.

Binti alirudi nyumbani. Fundi miwani na mkewe walihama mwaka huo huo, hawakusema wanakokwenda, na duka likawa la kuuza simu. Mama Shada aliacha kabisa sherehe za kuzaliwa. Alipamba harusi na mahafali tu, kwa watu wazima ambao aliwaona kwanza kwa macho yake na kuwashika mkono. Hata bibi harusi mwenye haraka alilazimika kuja mwenyewe. Wateja wengine walimwona ana kiburi.

Kitinda alisoma, akapata kazi ya uhasibu mji mwingine, akaolewa, akanenepa kama mama yake. Huja likizo. Mimi sasa sishoni sana, nakaa nje ya mlango, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwona kwanza akishuka na begi lake. Namwita Mama Shada, naye anatoka anajifuta gundi mikononi, anamkumbatia, anampokea mzigo, anampisha apite ndani. Halafu yeye mwenyewe haingii. Anabaki ameushika mlango, umefunguka wazi, anaangalia njia kama kuna mwingine nyuma ya binti yake.

Kitinda amezoea. Hakasiriki tena. Anarudi hatua moja, anamshika mama yake mkono.

"Niko peke yangu, mama," anasema. "Funga."