Kamati Iliyoagiza Maji Yote

Mimi ndiye niliyesema maji yote yapelekwe kwa silanga, yaani bwawa la mvua. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba "kamati iliafikiana," na nilipobanwa nikasema wazo lilitoka kwa wafugaji. Halikutoka kwa wafugaji. Lilitoka kwangu, nikiwa nimesimama juu ya jiwe, kidole nimekinyoosha kama mtu anayesubiri kuchongewa sanamu.

Tulikuwa wenyeji watatu. Kazi yetu ilikuwa kukagua jinsi shamba la sola nje ya mji wa Isiolo linavyotunza udongo wake: mitaro ya mvua, nyasi za kushika ardhi, miti ya kando ya ua. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe tuliyemwita Haji. Wa pili alikuwa pasta aliyewahi kulima Rapsu, na aliyechaguliwa kwa sababu huko alishachimba mfereji. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nina digrii. Ni digrii ya fasihi, lakini barazani hakuna aliyeuliza, nami sikuona haja ya kuwasumbua.

Tulikagua wakati wa kiangazi, msimu ambao kila mtaro duniani unafanya kazi vizuri. Injinia, binti mpole kutoka Nairobi, alitupitisha kando ya paneli. Tingatinga lilikuwa limekwangua kila kichaka, ardhi ikabaki kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Akatueleza kwamba amepanga maji ya mvua yatokee sehemu nyingi, kidogo kidogo, yasipate nguvu ya kubeba udongo.

"Kidogo kidogo?" Haji alishangaa. "Injinia, hapa watu wanatembea nusu siku kutafuta maji, wewe unayamwaga porini?"

Hapo ndipo nilipopanda jiwe. Chini ya ua, kwenye mteremko, kulikuwa na silanga ya Akoo, bwawa ambalo yeye na marehemu mumewe walilichimba kwa jembe ili kukinga mvua. Mbuzi wake wote walilitegemea. Akoo ni nyanya kwa Kiborana, ingawa hakuwa nyanya yangu. Alikuwa akiniuzia maziwa, na nilitamani siku moja nimtendee jambo kubwa.

"Maji yote," nikatangaza, "yapelekwe kwa silanga."

"Na udongo je, madam?" injinia akauliza. "Maji yakikusanyika yatakuja nao."

"Udongo utabaki njiani," nikamjibu, kwa uhakika wa mtu aliyesoma riwaya nyingi.

Pasta akasema amina. Sehemu zetu hakuna aliyewahi kupata umaarufu kwa kukataa maji. Injinia alikuwa ameagizwa na wakubwa wake awasikilize wenyeji, basi akatusikiliza. Akoo alipopata habari alitubariki mpaka nikaona haya, ingawa si nyingi.

Mvua ilikuja alasiri moja. Maji yalikusanyika kama tulivyoagiza, yakatoka kwenye kalvati moja kama fahali aliyefunguliwa zizi, yakachimba korongo kwenye mteremko, yakaimwagia silanga udongo wote. Nilipofika na Haji, Akoo alikuwa amesimama ukingoni. Mbuzi walikuwa wamezama magoti katika uji mwekundu usionyweka.

"Salaam aleikum, Akoo."

"Aleikum salaam, Mwalimu." Huniita hivyo daima, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku. "Mliniahidi maji. Mbona mmeniletea shamba? Sasa nipande nini hapa, sukuma?"

Haji alicheka, akagundua anacheka peke yake. Akoo akasema kwamba kama silanga haitashika maji mvua ijayo, atahamia Merti na mbuzi wake, kwa mwanawe. Mwanawe ana mke, akaongeza, na huyo mke ana mdomo.

Tukarudi kwa injinia tukiwa wapole sana. Hakusema, "Niliwaambia." Mimi ningelisema mara mbili. Aliamuru silanga izolewe udongo, akarudisha mpango wake wa kwanza wa maji kutoka kidogo kidogo, akaziba korongo kwa nyavu za waya zilizojaa mawe. Mwisho akapanda nyasi kwenye mteremko. Sharti lake lilikuwa moja: mpaka nyasi zishike mizizi, mbuzi wa Akoo wasikanyage pale.

Nani atamwambia? Haji akakumbuka ana ng'ombe sokoni. Pasta akakumbuka ana harusi. Nikaenda mimi.

"Kwa hivyo," Akoo akasema, "kamati inajaza silanga yangu matope, halafu wenye makosa ni mbuzi?"

"Ni msimu mmoja tu, Akoo."

"Nyasi iko hapo, mbuzi yuko hapa. Wewe una digrii, mweleze."

Alinitazama nikimtazama mbuzi. Kisha akachukua panga, akaanza kukata matawi ya miiba ili auzungushie mteremko ua. Kukata kulikuwa kwake. Kuburuta kukawa kwangu. "Vuta, Mwalimu, vuta! Hilo si kitabu!" Nilirudi nyumbani Kiwanjani gauni limechanika, mikono imechorwa kama ramani.

Miezi ikapita. Mawingu yalipokusanyika tena, mji mzima uliomba mvua kubwa. Mimi niliomba ije taratibu. Ilipoanza kupiga mabati nilijua sala yangu haikufika mbali. Siku iliyofuata nilizunguka na simu mkononi, nikiogopa kupiga, mpaka ikalia yenyewe.

"Mwalimu."

"Akoo! Silanga iko aje?"

"Imeshika. Matope ni kidogo, yamekaa chini. Mbuzi wanakunywa, hata hawainui kichwa."

"Alhamdulillahi!" nikasema, mimi mwimbaji wa kwaya ya kanisa. "Na Merti?"

"Merti niende kufanya nini? Sikia. Mkikutana, ambia hiyo kamati yenu Akoo amesema asante."

"Nitawaambia."

"Halafu uwaambie wasinisaidie tena."

Akakata simu.