Kitu Kidogo cha Kupitisha Mshipa

Jina lake halisi alilijua mkewe na mhasibu wa mishahara. Wengine wote walimwita Komeo, kwa sababu alilinda lango la ofisi ya hati za viwanja, na lango lile halikufunguka hivi hivi. Ungekuja na barua, angekuambia haina mhuri. Ungerudi na mhuri, angekuambia umefifia. Ungesimama pale juani ukijikuna kichwa mpaka akili ikukae sawa, ukampa mkono kwa namna ya kumwachia kitu kidogo, na papo hapo mhuri ungekolea. Tusimsingizie: hakuwahi kutaja kiasi. Alikuwa mtu wa adabu zake, na kutaja kiasi aliona ni kukosa haya.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kikawa baridi, kisha cheusi, maumivu yakapanda mpaka gotini. Komeo akajikaza kisabuni, akasema ni viatu. Mkewe akamnunulia viatu vingine, mguu ukazidi. Huko hospitali kubwa wakampiga picha, na daktari wa mishipa, binti wa rika la mwanawe wa pili, akamweleza: mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni umeziba, na mishipa yake mingine imechakaa, haifai kuhamishwa. Ama apandikizwe mshipa wa mtu aliyefariki, ama mguu ukatwe chini ya goti.

Komeo aliposikia neno kukatwa aliushika mguu kwa mikono miwili. Kazi yake yote ilikuwa kusimama.

"Shida ya mshipa wa mtu mwingine," daktari aliendelea, "ni kwamba mwili una walinzi wake. Wakiona mgeni, wanamkataa."

Tangu alazwe Komeo hakuwa amesikia jambo linaloeleweka kama hilo.

"Wanafanya kazi yao," alisema.

"Wanaifanya kupita kiasi, mzee. Wanauvamia mshipa, unavimba kwa ndani, unaziba tena. Kwa hiyo kabla ya kuupandikiza tunatumia kitu kidogo."

Komeo akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo sana. Hakionekani kwa macho."

"Hapo umenena. Vinavyoonekana ndivyo vinavyoleta kesi."

Daktari alikuwa ameinama akichora mshipa kwenye karatasi, hakumsikia vizuri. "Na hakitoki chote kwa mkupuo. Kinatoka taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka walinzi wanamzoea mgeni."

"Wakishamzoea?"

"Tunatarajia watamwacha apite. Bila hicho, matumaini ni finyu."

Komeo alijilaza akiwa amefurahi na kuudhika kwa pamoja. Alifurahi kwamba dunia inaendeshwa vile vile alivyodhani siku zote, mpaka ndani ya nyama. Aliudhika kwamba zamu hii mtoaji ni yeye.

"Binti mdogo vile," alimnong'oneza mkewe daktari alipotoka, "anaomba bila hata kupepesa macho! Mimi ilinichukua miaka kufika hapo."

"Mbona hajaomba kitu?"

"Mke wangu, hii ndiyo fani yangu. Niachie mwenyewe."

Jioni daktari alikuta bahasha imechomekwa chini ya karatasi za vipimo. Akaiinua kwa ncha za vidole.

"Mzee, hii nini?"

"Kile kitu kidogo."

"Ichukue kabla sijakasirika."

Kwa Komeo, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: haitoshi. Kesho yake bahasha ilikuwa imenenepa. Nayo ilirudi, na safari hii ilirushwa ikamtua kifuani. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Huko langoni alikuwa amewarudishia bahasha watu wachache mno, na hao hawakuingia ndani kamwe. Akajifunika shuka gubigubi, akalia, mlinzi mzima, kwamba mguu wake unakwenda kukatwa kwa kushindwa kufika bei.

"Mwambie nina saa ya mkononi," sauti ilitoka chini ya shuka. "Mwambie ni nzuri, haijawahi kusimama."

Mkewe alikuwa amechoka. Akamfuata daktari koridoni, akamweleza yote. Daktari alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akakumbuka ule mguu, kicheko kikaisha. Akarudi, akaketi kando ya kitanda.

"Mzee, kitu kidogo ni dawa. Ni chembechembe. Tunauloweka mshipa kwenye maji yenye chembe hizo kabla ya kukupandikiza. Zinang'ang'ania ukuta wa ndani, zinaachia dawa taratibu, mshipa unatulia, haupigi kelele za kuwaita walinzi. Bado tuko kwenye majaribio, siwezi kukuahidi kwamba utapona. Ila hulipi hata senti."

Komeo akafunua uso. "Bure?"

"Bure."

"Basi sitaki. Cha bure kina walakini."

"Mshipa umeshapatikana, na haukai muda mrefu. Nipe sahihi sasa hivi, au niwaambie wenzangu wajiandae kukata."

Komeo akafungua mdomo aanze kuuliza habari za mihuri. Mkewe akamkatiza.

"Umekula vitu vidogo vya watu miaka yote, hata tumbo halikukuuma. Leo hiki kimoja ndicho kitakachokuua? Hebu weka sahihi."

Akaweka.

Wiki zilizofuata upasuaji hazikuwa za mzaha. Homa ilipanda, mguu ukavimba, kile kidole cheusi kikabidi kiondolewe. Kila asubuhi mkewe alivishika vidole vilivyobaki kama anayepima joto la maziwa ya mtoto. Vilikuwa baridi, vikawa vuguvugu, na siku vilipokuwa na joto kamili alikaa kwenye kiti akalia bila kujificha. Daktari akapaka majimaji mguuni, akaweka kifaa cha kusikilizia. Chumba kikajaa mlio: shwaa, shwaa, shwaa.

"Hiyo ni damu yako," alisema. "Inapita."

"Walinzi wamempitisha?"

"Mpaka sasa wamempitisha."

Komeo alisikiliza kwa muda mrefu. "Mshipa huu ni wa nani?" aliuliza.

"Majina hatusemi, mzee."

"Basi hao ndugu zake. Walitaka nini?"

"Hawakutaka kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Waliuliza swali moja tu: atakayeupata atatembea?"

Komeo aliwawazia watu wale wamesimama koridoni na msiba wao mbichi, wakiulizia mguu wa mtu wasiyemjua, ambaye pengine aliwahi kuwafokea. Akaona aibu, aibu ya kuchoma masikio.

"Mkawajibu nini?"

"Kwamba hatujui bado. Waliomba tuwaambie tukishajua."

Akalitupa shuka pembeni.

"Mzee! Sijakuruhusu!"

"Mke wangu, nishike hapa kwapani. Daktari, piga hiyo simu. Watu wanasubiri." Na mguu akawa ameshautua sakafuni.