Safari ya Mlimani Tuliyoipanga Mtoni

Mlima Kilimanjaro nilikuwa nimeuona mara moja tu, kupitia dirisha la basi, na wingu likaufunika kabla sijamaliza kuutazama. Nilipohamia Mtoni, huku pwani, enzi za Mwingereza, na kupata kazi ya ukarani wa bohari, nilinunua kitabu kikuukuu cha Kiingereza juu ya kupanda milima, nikakisoma kwa msaada wa kamusi mwaka mzima. Kilipokwisha nilijua kinachowashinda wageni wa mlima. Ni haraka. Anayepanda mara ya kwanza huona bado ana pumzi, hukaza mwendo, na siku ya tatu kichwa humuuma hata asiweze kusimama.

Tulioamua kuupanda tulikuwa sita wa mtaa mmoja, na hakuna kati yetu aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko mnazi. Aliyekuwa karibu nami zaidi ni fundi cherehani, Mzaramo wa papo hapo Mtoni. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tu watani: ana ruhusa ya kunikashifu mbele za watu, nami nina ruhusa ya kumrudishia, na ni aibu kwa yeyote kati yetu kununa.

Mpango niliuandika katika daftari. Jumapili mbili za kila mwezi tulikwenda kwa treni hadi Pugu, tukapanda na kushuka vilima vyake tukiwa na mifuko ya mchanga mgongoni, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza bila kuhema. Makoti ya baridi hatukuwa nayo. Fundi akayabuni mwenyewe: kaki nje, kaki ndani, katikati sufi, na mishono ya mistari. Tuliyajaribu barazani kwake saa saba mchana, mwezi wa Februari. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama.

"Jamani, wanaume wa Mtoni wanavaa magodoro!"

"Na mito je, wataivaa kichwani?"

Fundi alinigeukia, jasho likimtiririka. "Mtani, wewe koti la nini? Mnyamwezi mpe mzigo, atapata joto. Babu yako si alibeba pembe toka Tabora mpaka pwani?"

"Alibeba. Na babu yako alimsubiri hapa amuuzie dafu kwa bei ya mbuzi."

Tulicheka sote.

Vilibaki vibanda vya kulala huko mlimani. Niliiandikia ofisi iliyovitunza, nikaomba nafasi ya wapandaji sita. Ilirudi fomu yenye mstari mmoja wa kujaza: jina la Mzungu anayeongoza. Chini yake mtu aliongeza kwa kalamu kwamba Waafrika hulala banda la wapagazi, na wasio na Mzungu waandikishwe kuwa wapagazi, wapewe mizigo.

Niliisoma mara tatu nikitafuta neno nililolielewa vibaya. Halikuwamo. Barua yangu ilikuwa imetaja umri wetu, mazoezi yetu na chakula cha kila siku, na aliyeijibu hakupinga hata kimoja. Hakusema hatuwezi kupanda. Alisema tupande na vitu vya mtu mwingine kichwani.

Tulikutana barazani. Nilitaka tuirudishe fomu na kungoja jibu, hata kama likizo zetu zingepita.

"Mie nataka barafu," alisema fundi. "Kitanda ninacho nyumbani. Wakiniita mpagazi, waniite. Mlima ni uleule."

"Mpagazi hana mwendo wake. Anakwenda kama anavyoamriwa. Siku ya tatu utaanguka."

"Haya, njooni mwone! Mnyamwezi amekataa mzigo!"

Wote walicheka. Kwa desturi ilinipasa nicheke nami. Sikuweza. Nilinuna mbele ya mtani wangu, na wenzangu wanne wakaona.

Walikwenda bila mimi, wameandikishwa wapagazi. Fundi nilimpa daftari.

Aliporudi alikuja boharini moja kwa moja, akaliweka daftari mezani pangu. Hakuna aliyefika kileleni.

"Ulikuwa mpango mzuri," alisema. "Hatukupewa nafasi ya kuufuata. Tulitakiwa tutangulie na mizigo, Wazungu wakifika wakute chai tayari. Tulikimbia, mtani. Siku ya tatu nikatapika, nikarudishwa."

"Na barafu?"

"Kwa mbali."

Nilingoja mzaha ufuate. Haukuja. Alikaa juu ya gunia, ngozi ya pua imembabuka, na hasira niliyokuwa nimemwekea yeye ikaenda ilikostahili kwenda tangu mwanzo.

Fomu ilikuwa bado kwenye mtoto wa meza. Nilichukua rula, nikaukata ule mstari wa Mzungu kwa wino, juu yake nikaandika: kiongozi, na jina langu.

"Na langu," alisema fundi. "Usiandike mpagazi."

Niliandika: mpandaji. Tuliituma siku ileile. Haikujibiwa. Mwezi uliofuata tukatuma nyingine, na uliofuata pia. Nakala zote ninazo.